Vitafunwa vya Haraka kwa Mzazi Asiyezoea Jiko

Hakuna muda mgumu katika nyumba yenye watoto kama ule ulio kati ya kurudi nyumbani na chakula cha jioni. Mzazi amechoka, watoto wana njaa, na sufuria bado haijabandikwa. Hapo ndipo pakiti ya biskuti hufunguliwa, si kwa sababu mzazi hajui kilicho bora, bali kwa sababu pakiti ndiyo iliyo karibu na mkono. Kwa hiyo, kabla ya mapishi yoyote, liko jambo ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko ustadi wa jikoni: kitafunwa kizuri ni kile kilicho tayari kabla njaa haijafika. Mzazi asiyejua kupika lakini anayeandaa mapema atawalisha wanawe vizuri kuliko mpishi hodari ambaye kila jioni huanza upya bila kitu mkononi.

Mtoto mdogo ana tumbo dogo na mwili unaokua haraka, hivyo hawezi kula kwa mara moja chakula cha kumtosha mpaka mlo unaofuata kama afanyavyo mtu mzima. Kitafunwa kimoja au viwili kati ya milo si udekezaji. Ni sehemu ya chakula chake cha siku. Kinachohitaji uangalifu ni wakati. Kikitolewa muda wa saa mbili hivi kabla ya mlo mkuu, hutuliza njaa bila kuua hamu ya kula, lakini kikitolewa nusu saa kabla, sahani ya chakula itarudi jikoni kama ilivyoletwa mezani.

Katika kuchagua, ninapendekeza kanuni moja tu, kwa kuwa kanuni nyingi hazikumbukwi na mtu aliyechoka. Kila kitafunwa kiwe na kitu kinachokaa tumboni pamoja na kitu kibichi au chenye maji. Kinachokaa tumboni ni chenye protini, mafuta au nyuzinyuzi, kama vile yai, jibini, mtindi, siagi ya karanga au mkate wa ngano isiyokobolewa. Kibichi ni tunda au mboga. Kitu kitamu kikiliwa peke yake humeng'enywa haraka na njaa hurudi mapema, ilhali protini na mafuta hupunguza kasi hiyo. Vipande vya tufaha vilivyopakwa siagi ya karanga, ndizi na mtindi, au vijiti vya tango na jibini vinatimiza kanuni hii bila moto wala kisu kikali, na familia inaweza kuishi navyo kwa miezi bila kuhitaji mapishi mengine.

Nusu saa ya maandalizi

Chagua siku moja katika wiki ambayo unapata nafasi ya nusu saa. Bandika mayai yachemke, na wakati yakiwa motoni menya karoti, kata matango na osha matunda. Karoti zilizokatwa hudumu kwa siku kadhaa katika friji zikiwekwa ndani ya chombo chenye maji, mradi maji hayo yanabadilishwa kila baada ya siku moja au mbili. Matunda yaliyooshwa yakaushwe vizuri kwa kitambaa safi kabla ya kuhifadhiwa, kwa sababu unyevu ndio unaoyaozesha upesi. Tufaha lililokatwa hubadilika kuwa la kahawia kutokana na kemikali za asili ndani yake zinapokutana na hewa. Halijaharibika, lakini watoto hulikataa kwa sura yake. Maji ya limau kidogo yakinyunyizwa juu ya vipande huchelewesha badiliko hilo.

Mayai yanastahili maelezo zaidi, kwa kuwa sijui kitafunwa kingine kinachotoa lishe nyingi kwa kazi ndogo kama hiki. Chemsha maji kwanza, kisha teremsha mayai taratibu kwa kijiko na uyaache yachemke kwa dakika 10 hadi 12, ili kiini kiive chote. Yatoe na uyatumbukize mara moja katika maji baridi sana. Baridi ya ghafla husimamisha kuiva na husaidia ganda liachane na yai. Anza kumenya upande ule mpana, maana huko ndiko kuna nafasi ya hewa na kidole hupata pa kuingilia. Yai lililotagwa jana hung'ang'ania ganda lake kuliko lililokaa wiki moja, kwa hiyo mayai ya zamani kidogo ndiyo ya kuchemsha. Yakihifadhiwa katika friji yakiwa na maganda yake, hudumu kwa muda wa wiki moja.

Mwisho wa nusu saa hiyo, panga vitu vyote katika vyombo vinavyoonyesha kilichomo, uviweke kwenye rafu ambayo mtoto anaifikia. Chakula kilichofichwa nyuma ya sufuria huwa kama hakipo. Mtoto mwenye umri wa kwenda shule anayejua kwamba chombo fulani ni chake atajihudumia mwenyewe, na mzazi atapata dakika kumi za kuketi, ambazo nazo zina thamani.

Bisi

Wazazi wengi hununua bisi zilizokwisha kutengenezwa wakidhani kazi yake ni ngumu, ilhali hazichukui zaidi ya dakika kumi na kiungo chake kikuu ni nafaka kamili yenye nyuzinyuzi. Kila punje ya mahindi ya bisi ina maji ndani yake, karibu asilimia 14 ya uzito wake, yaliyofungiwa na ganda gumu. Joto likifikia nyuzi 180 hivi za Selsiasi, mvuke hulishinda ganda, punje hupasuka na wanga wa ndani hufumuka. Ukielewa hilo, utajua pia kwa nini punje zilizokaa wazi kabatini kwa muda mrefu hubaki chini ya sufuria bila kupasuka: zimekauka, na mvuke wa kuzipasua haupo. Zihifadhi katika chombo kilichofungwa vizuri.

Chukua sufuria yenye kitako kizito na mfuniko. Mimina vijiko vikubwa viwili au vitatu vya mafuta ya kupikia, weka punje tatu peke yake, funika na usubiri kwenye moto wa wastani. Punje hizo zikipasuka, mafuta yamefikia joto linalotakiwa. Ongeza nusu kikombe cha punje, tikisa sufuria ili zote zipate mafuta, kisha iepue motoni kwa sekunde 30 kabla ya kuirudisha. Hatua hiyo ya kuepua hurukwa na wengi, nayo ndiyo inayofanya kazi kubwa, kwa kuwa huzipa punje zote nafasi ya kupata joto kwa pamoja, zikapasuka karibu wakati mmoja, na za kwanza hazitaungua zikizingojea za mwisho. Mara zinapoanza kupasuka kwa wingi, sogeza mfuniko kidogo ili mvuke utoke. Mvuke ukibaki ndani, bisi huwa ngumu kutafuna badala ya kuvunjika mdomoni. Sikiliza. Milio ikianza kuachana kwa sekunde mbili au tatu, epua na uzimwage papo hapo katika bakuli kubwa.

Chumvi huwekwa mwishoni, nayo iwe laini sana, kwa sababu chembe kubwa huteleza na kukusanyika chini ya bakuli. Kwa siku ya kupendeza zaidi, nyunyiza mdalasini na sukari kidogo wakati bisi zingali moto, au jibini kavu iliyokunwa. Hata hivyo bisi hazifai kwa watoto walio chini ya miaka minne, kwa sababu nitakazoeleza mbele.

Barafu ya ndizi, na vidonge vya oti

Ndizi mbivu zilizoanza kuota madoa meusi, ambazo hakuna anayezitaka tena mezani, ndizo zenye sukari nyingi ya asili na ndizo bora kwa kazi hii. Zimenye kwanza, kwa maana ndizi iliyoganda na ganda lake ni taabu kuimenya, kisha zikate vipande vyembamba na uvipange kwenye sinia bila kubanana. Vikae katika friza kwa saa kadhaa, ikiwezekana usiku kucha, halafu vihamishie katika mfuko uliofungwa.

Unapotaka kuvitumia, weka vipande katika blenda na uisage kwa vipindi vifupi. Mwanzoni utaona chenga kavu tu na utadhani umeharibu. Zima mashine, kwangua pembeni kwa kijiko, endelea. Baada ya dakika chache chenga hushikana, na mara rojo laini na zito hutokea, linalofanana kabisa na aisikrimu ingawa halina maziwa wala sukari ya kuongezwa. Ikiwa blenda yako ina nguvu ndogo, acha vipande nje kwa dakika tano kabla ya kusaga, au ongeza kijiko kimoja cha maziwa, lakini si zaidi, kwa kuwa maziwa mengi yataigeuza kuwa kinywaji. Kijiko cha kakao hubadilisha ladha yote, na siagi ya karanga huongeza kile kitu kinachokaa tumboni. Iliwe mara moja, kwani ikirudishwa kwenye friza hugeuka kuwa jiwe.

Kwa asiye na blenda, mtindi uliochanganywa na matunda yaliyopondwa na kumiminwa katika vikombe vidogo vyenye vijiti hutoa barafu nzuri ya kulamba.

Vidonge vya oti, yaani zile nafaka zilizopondwa bapa ambazo huuzwa kwa ajili ya uji, havihitaji moto wala mashine. Changanya kikombe kimoja cha oti, nusu kikombe cha siagi ya karanga na theluthi moja ya kikombe cha asali. Ukitaka, ongeza zabibu kavu zilizokatwakatwa au chokoleti iliyokunwa. Weka mchanganyiko katika friji kwa nusu saa ili ukaze, kisha lowanisha viganja kidogo kwa maji na uviringe vidonge vya ukubwa wa kumtosha mtoto kwa kung'ata mara mbili. Vikivunjika, mchanganyiko umekauka na unahitaji siagi ya karanga kidogo zaidi. Vikinata mikononi, ongeza oti. Hudumu wiki moja katika friji, na muda mrefu zaidi katika friza. Asali inaweza kubadilishwa kwa tende zilizolowekwa katika maji ya moto na kupondwa, ingawa hapo ladha huwa nzito zaidi na si watoto wote watakaoipenda mara ya kwanza.

Ukikosa vyote hivyo, mkate uliochomwa unatosha. Upake parachichi lililopondwa na chumvi chembe, au jibini na vipande vyembamba vya nyanya, au ndizi na mdalasini. Mkate huhifadhika vizuri sana katika friza ukiwa umekatwa vipande, na kipande kilichoganda huingia moja kwa moja kwenye kichomea mkate.

Usalama wa mtoto mdogo

Hapa naomba msomaji asipite haraka, hata kama ana haraka. Njia ya hewa ya mtoto mdogo ni nyembamba, na meno yake ya nyuma hayajatosha kusaga chakula kigumu. Vyakula vinavyomkaba kwa urahisi ni vile vya mviringo, vigumu, au vyenye kunata. Zabibu nzima ina ukubwa na ulaini wa kuziba koo kabisa, hivyo ikatwe kwa urefu katika sehemu nne. Kuikata kwa upana huacha duara lenye hatari ileile. Nyanya ndogo za mviringo zikatwe vivyo hivyo. Karanga, korosho na lozi nzima zisipewe watoto walio chini ya miaka mitano, na siagi ya karanga ipakwe utando mwembamba juu ya mkate, kamwe isitolewe kwa kijiko kama kitu cha kulamba. Karoti mbichi ikunwe au ichemshwe mpaka ilainike. Zaidi ya yote, mtoto ale akiwa ameketi na mtu mzima akiwa karibu, si akikimbia, si akiwa amelala, wala si akiwa kwenye kiti cha nyuma cha gari ambako dereva hawezi kumwona.

Asali isipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, hata ikiwa ndani ya chakula kilichopikwa. Inaweza kubeba mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambazo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuzizuia zisikue na kutoa sumu inayolegeza misuli, na joto la kawaida la jikoni haliziui. Vilevile, unapomwandalia mtoto wa mwenzako, uliza kwanza kuhusu mzio. Karanga, mayai, maziwa na ngano, ambavyo vimo katika karibu kila kitafunwa nilichokitaja, ni miongoni mwa vyakula vinavyosababisha mzio mara nyingi zaidi.

Kuhusu uhifadhi, chakula chenye maziwa, mayai au jibini kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na siku ambazo joto limezidi nyuzi 32 kisizidi saa moja. Kwa mfuko wa shule, chupa ya maji iliyogandishwa ikiwekwa kando ya chombo cha chakula hukihifadhi baridi, na kufikia mchana huwa maji ya kunywa.

Unaponunua badala ya kuandaa

Zitakuwepo siku za kununua, na hakuna sababu ya mzazi kujilaumu. Kinachosaidia ni kujua kusoma pakiti. Orodha ya viungo hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia, kwa hiyo sukari ikitajwa ya kwanza au ya pili, unachonunua ni peremende iliyovishwa jina jingine. Sukari pia hujificha katika majina kama shira ya mahindi, glukosi, dekstrosi na maltosi. Gramu nne za sukari ni karibu kijiko kimoja cha chai. Gawanya namba iliyoandikwa kwa nne, nawe utaviona vijiko hivyo mbele yako. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilipendekeza sukari inayoongezwa katika vyakula pamoja na ile iliyomo katika asali na maji ya matunda isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5. Ndiyo maana tunda zima ni bora kuliko juisi yake, hata ile iliyokamuliwa nyumbani, na maji ndiyo kinywaji cha kuambatana na kitafunwa.

Mtoto akikataa kitu kipya, usimlazimishe wala usikifute katika orodha yako. Watoto wengi huhitaji kukutana na chakula mara nyingi, pengine zaidi ya kumi, kabla ya kukikubali. Weka kipande kidogo kando ya kile anachokipenda na umwachie. Kumpa achague kati ya vitu viwili ambavyo vyote umevikubali, kwa mfano "Utakula ndizi au tufaha?", huleta utulivu kuliko kumuuliza anataka nini. Na mshirikishe katika kazi: wa miaka mitatu anaweza kuosha matunda, wa miaka mitano au sita anaweza kuponda ndizi na kuviringa vidonge, huku moto na kisu vikibaki kwa mkubwa.

Kwa siku ya furaha

Siku ya kuzaliwa au ya matokeo mazuri inastahili kitu cha pekee, na matunda yaliyochovywa katika chokoleti hupendeza macho kuliko kazi inayohitajika. Vunja chokoleti vipande vidogo katika bakuli kavu, uiweke juu ya sufuria yenye maji ya moto yasiyogusa kitako cha bakuli, na ukoroge polepole mpaka iyeyuke. Kwa mikrowevu, ipashe kwa vipindi vya sekunde 20 hadi 30, ukikoroga kila mara, maana chokoleti huonekana bado ngumu hali imeshayeyuka ndani. Adui mkubwa ni maji. Tone moja likiingia, chokoleti yote hukakamaa na kuwa chenga zisizopakika. Ikitokea hivyo, usiitupe. Ongeza maziwa ya moto kidogo kidogo huku ukikoroga, nayo itakuwa mchuzi laini wa kumwagia juu ya ile barafu ya ndizi.

Kausha matunda kabisa kabla ya kuyachovya, yapange juu ya karatasi isiyoshika mafuta, nyunyiza karanga zilizosagwa ikiwa hakuna mwenye mzio, na uyaache katika friji kwa dakika 20 hivi. Yaandaliwe siku ileile ya kuliwa, kwa kuwa tunda huendelea kutoa maji chini ya chokoleti, na kufikia kesho yake gamba hulegea na kuanza kuteleza.